Barua kwa Fundi: Masega yamezeeka, au yameuawa?

Barua za mwezi huu zote zinanuka moshi. Kabla ya kurudi gereji nilikaa miaka 11 kwenye chumba cha kupimia moshi wa magari, kwa hiyo mhariri akiona neno "ekzosi" hata hamalizi kusoma, ananisukumia mimi. Kwa msomaji mgeni: masega ni lile kopo la chuma kwenye bomba la ekzosi. Ndani yake kuna tofali la kauri lenye vijitundu vyembamba, mara nyingi 400 kwa kila inchi ya mraba, na kuta zake zimepakwa utando wenye platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi unaingia na kaboni monoksidi, mafuta ambayo hayakuungua na oksidi za nitrojeni. Unapotoka upande wa pili, sehemu kubwa imeshageuka kaboni dioksidi, mvuke wa maji na nitrojeni ya kawaida. Hayo ni masega yakiwa mazima.

Fundi, gari langu la petroli lina miaka 14 na kilomita 190,000. Asubuhi nililipeleka kupimwa. Kituo kiko dakika tano tu kutoka nyumbani, nikakaa kwenye foleni nusu saa injini imezimwa. Likafeli: kaboni monoksidi asilimia 0.38 injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, na kikomo ni 0.2. Nikaenda zangu safari ya saa nzima barabara kuu, nikarudi jioni bila kugusa hata nati moja. Likatoka 0.11, limefaulu! Mpimaji yuleyule, mashine ileile. Nani ananidanganya hapa?
*Mwenye gari aliyechanganyikiwa*

Hakuna anayekudanganya, ndugu yangu. Asubuhi walipima masega yaliyolala, jioni wakapima masega yaliyoamka.

Masega baridi ni tofali tu. Yakiwa mapya huanza kushika kazi yakifika kama nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi. Yaliyochoka hutaka zaidi ya hapo, na nyuzi 50 au hata 100 za ziada si jambo la ajabu. Ungefika na masega mapya baada ya zile dakika tano, pengine yangekuwa yameshavuka kizingiti. Yako yalikuwa bado yanapanda ngazi, kisha ukayazimia injini nusu saa yakateremka tena. Jioni yalikuja yamepikwa na saa nzima ya barabara kuu, na kwa joto lile hata mzee anakimbia.

Sasa, kinachozeeka ni nini hasa? Zile metali hazikupakwa kama rangi ya ukutani. Zimetawanywa kama punje, nanomita chache kila moja, juu ya utando wa alumina wenye vinyweleo vingi mno: gramu moja ya utando huo, ungeweza kuukunjua, ingefunika zaidi ya mita za mraba 100. Moto ukipanda, hasa ukivuka nyuzi 800 na ushei, punje zinaanza kutembea. Tazama matone ya manyunyu kwenye kioo cha mbele. Tone linasogea, linamgusa jirani, mara yamekuwa tone moja kubwa. Punje zinafanya vivyo hivyo, ila kwa miaka. Piga hesabu: chukua punje 1,000 zenye upana wa nanomita 3, ziunganishe ziwe moja. Itakuwa na upana wa nanomita 30, uzito wa metali ni uleule, lakini eneo la juu, ambalo ndilo moshi unaligusa, limebaki sehemu moja ya kumi. Hakuna metali iliyopotea. Imejificha ndani ya punje yenyewe. Na utando wa alumina nao ukipigwa na joto kali unajikunja, vinyweleo vinaziba, baadhi ya punje zinazikwa humo.

Kuna kitu kingine ambacho watu hawakisemi, nacho ni pumzi. Injini ya petroli yenye masega hulenga hewa kilo 14.7 kwa kila kilo moja ya petroli, lakini hailengi kama mshale. Inayumba, mara mafuta yamezidi kidogo, mara hewa imezidi kidogo, huku na huku takriban kila sekunde. Ndani ya utando kuna oksidi ya seriamu, ambayo hewa ikizidi inahifadhi oksijeni, mafuta yakizidi inaitoa. Hiyo ndiyo inayoyafanya masega yavumilie kuyumba kwa injini. Ikizeeka, pumzi inakuwa fupi kama ya mtu anayepanda ngazi akiwa na pumu, na kila injini ikiyumba, kaboni monoksidi inapenya.

Nilipoanza kazi kwenye chumba kile, mkubwa wangu alipasua makopo mawili kwa msumeno, akaniwekea mezani vipande viwili vya tofali. Kimoja kilikuwa kimetembea kilomita chache, kingine kimeteswa hadi mwisho wa umri wake. Akaniambia, "Nionyeshe mzee ni yupi." Nikavishika, nikavinusa, nikavielekeza kwenye taa. Vyote rangi ya vumbi, vyote vijitundu vimenyooka, vyote vizuri. Nikaonyesha kimoja kwa kujiamini kabisa, na nilikosea. Tangu siku hiyo sijawahi kumwambia mteja "masega yako mazima" kwa sababu tu nimechungulia ndani nikaona mwanga.

Kwa hiyo ufanye nini? Ukirudi kupimwa, endesha vizuri dakika 20 au zaidi, na foleni usiizimie injini. Huo si ujanja, kwani taratibu za kipimo cha namna hii zenyewe zinataka injini iwe imepata moto kamili. Shida ni kwamba mpimaji huangalia moto wa injini, na injini inaweza kuwa ya moto wakati masega yameshapoa. Ila usijidanganye na ile 0.11. Barabarani gari lako linachafua zaidi dakika za kwanza baada ya kuwasha, na kila mwaka dakika hizo zitaongezeka. Maabara walichelewa kulikubali hili: hadi mwaka 2000 kipimo cha Ulaya kiliiacha injini ingurume sekunde 40 kabla ya kuanza kukusanya moshi. Yaani sekunde chafu kuliko zote zilikuwa hazihesabiwi!

Kabla hujawaza masega mapya, mwambie fundi wako aangalie thamostati (valvu inayosimamia maji ya kupozea injini) na sensa ya oksijeni ya mbele. Thamostati iliyokwama wazi huiacha injini baridi, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta mengi, na masega yanapewa mzigo usio wao.

Shikamoo fundi. Niko mwaka wa pili najifunza ufundi. Tulibadilisha masega ya gari la mteja kwa sababu ya kodi P0420 (namba ya hitilafu inayotolewa na kompyuta ya gari), baada ya miezi minne kodi imerudi. Bosi anasema masega mapya yalikuwa feki. Mimi nimeona lile gari linakula oili, kama lita moja kila kilomita 1,500, lakini niliogopa kusema. Nimekosea?
*Mwanagenzi*

Marahaba, mwanangu. Kuogopa umekosea, macho yako hayajakosea.

Uzee wa masega una njia mbili, joto na sumu. La joto nimelisema hapo juu. Sumu huja na vinavyopita ndani ya injini, na oili ndiyo mleta sumu mkuu siku hizi. Oili ya injini hutiwa kiungo cha kuzuia vyuma visilane, nacho kina zinki na fosforasi. Oili ikibaki kwenye bakuli lake chini ya injini haina shida. Ikipenya kwenye ringi au sili za valvu ikaungua, zinki na fosforasi zinakwenda kutua kwenye masega na kuyapaka ngozi. Zinaanzia mdomoni: ukikata tofali vipande kutoka mbele kwenda nyuma, kipande cha kwanza ndicho kimejaa sumu, cha mwisho kinaweza kuwa karibu safi. Ndiyo maana gari linaweza kuonekana halina tatizo kwa miezi kadhaa. Sumu inasonga kuelekea nyuma sentimita kwa sentimita, na sehemu iliyobaki hai inafupika.

Salfa ya kwenye petroli nayo ni sumu, lakini hiyo ina adabu kidogo: masega yakipata moto mkali sehemu yake kubwa huondoka. Fosforasi haiondoki hivyo. Silikoni ni mbaya pia, na hapa mafundi tunajiua wenyewe, maana gundi ya gasketi isiyofaa, ikipakwa karibu na njia ya hewa au ekzosi, mvuke wake unaiua sensa kwanza, kisha masega. Mfalme wa sumu alikuwa risasi. Marekani ilipoanza kutumia masega kwenye magari ya mwaka 1975, ilibidi mdomo wa tangi la petroli ufanywe mwembamba ili pua ya pampu ya mafuta yenye risasi isiingie. Algeria ndiyo iliyokuwa nchi ya mwisho duniani kuacha kuuza petroli hiyo kwa magari, mwaka 2021.

Halafu kuna injini inayomisi. Silinda isipowaka, petroli mbichi na oksijeni yake vinakwenda pamoja hadi kwenye masega na kuwakia huko. Kauri hiyo huyeyuka kwenye nyuzi kama 1,450, na mimi nimeiona imeyeyuka kwa kosa langu mwenyewe. Nilimfungia mteja masega mapya, nikafuta kodi, nikamrudishia gari. Koili moja ya kuwasha plagi ilikuwa dhaifu, inamisi kidogo tu gari likipanda mlima, na sikulipeleka mlimani kulijaribu. Wiki tatu hazikuisha akarudi na gari halivuti. Nilipofungua, katikati ya tofali palikuwa na bonge linalong'aa kama kioo kilichomwagika, vijitundu vyote vimezibwa. Ya pili nilimfungia kwa fedha yangu.

Kodi P0420 yenyewe haisemi "nunua masega". Gari lina sensa ya oksijeni mbele ya masega na nyingine nyuma. Ya mbele inacheza juu chini, ya nyuma inapaswa kutulia, kwa sababu ile pumzi ya seriamu inasawazisha. Ya nyuma ikianza kucheza kwa kuifuata ya mbele, kompyuta inahesabu kwamba pumzi imekwisha. Lakini bomba la ekzosi likiwa na ufa karibu na sensa linaweza kuleta picha ileile. Hakikisha hakuna ufa, hakuna silinda inayomisi na mchanganyiko uko sawa, ndipo uyahukumu masega. Na usitegemee sana ile mbinu ya kupima joto la mbele na la nyuma kwa kipimajoto cha mkononi. Injini safi inatoa uchafu kidogo, kwa hiyo hata masega mazima hayatapata cha kuchoma mpaka joto lipande sana.

Bosi wako naye ana nusu ya haki. Masega mengi ya bei rahisi hutiwa metali kidogo na seriamu kidogo, yaani yanazaliwa yakiwa na umri mkubwa tayari. Usimbishie. Chukua daftari, andika kila wiki kijiti cha oili kimeshuka kiasi gani na gari limetembea kilomita ngapi, kisha mwekee mezani bila maneno mengi.

Kuna dawa za kumimina kwenye tangi zinazodai kusafisha masega. Na fundi mmoja anasema atayaosha masega yangu kwa asidi. Zinafaa?
*Mama wa watoto watatu na gari moja*

Dawa ya tangi inaweza kusaidia masizi yaungue, sawa na vile safari ndefu ya barabara kuu inavyosaidia bila dawa. Punje zilizoungana haiwezi kuzitenganisha. Asidi kataa, dada. Utando wenye metali ni mwembamba na umeshikilia kauri kwa shida. Ukiung'oa unabaki na tofali safi kabisa lisilofanya chochote.

Kiwanda kinatoa gari jipya na kinasema mfumo wake wa moshi umethibitishwa kwa kilomita 160,000. Nani ameshaziendesha? Na kama masega yanazeeka hivyo, mbona magari mengi makuukuu yanafaulu ukaguzi?
*Mwanafunzi wa uhandisi*

Maswali mawili mazuri, la kwanza ndilo lililonilisha miaka 11.

Mara nyingi hakuna aliyeziendesha zote. Masega yanafungwa nyuma ya injini iliyosimama kwenye benchi, kisha yanateswa kwa mzunguko wa sekunde 60. Sekunde 40 za kwanza mchanganyiko ni sawasawa. Kisha mafuta yanaongezwa, sekunde chache baadaye hewa inapulizwa ndani ya bomba, na viwili hivyo vinakutana ndani ya masega. Joto linaruka. Halafu mafuta yanarudi kawaida, hewa inamalizia, unaanza upya. Hivyo usiku na mchana, injini inanguruma haiendi popote, nasi tumekaa upande wa pili wa kioo tunatazama mstari wa joto ukipanda na kushuka. Saa ngapi zitatosha? Unafunga vipimajoto kwenye gari halisi, unaliendesha, unahesabu limekaa muda gani kwenye kila joto, kisha unakokotoa saa za benchi zinazolingana na umri wote. Kwa kuwa kasi ya kuzeeka hupanda kwa ukali joto likiongezeka, saa chache za moto mkali zinabeba miaka ya safari za kawaida.

Kwa viwango vya moshi vya Ulaya, Euro 5 na Euro 6, kiwanda kisichotaka kujipimia kinaweza kutumia vizidishi vilivyowekwa kwenye kanuni, vya kukadiria moshi wa gari likishazeeka. Kwa petroli ni 1.5 kwa kaboni monoksidi, 1.3 kwa hidrokaboni (yale mafuta yasiyoungua) na 1.6 kwa oksidi za nitrojeni. Kikomo cha oksidi za nitrojeni ni miligramu 60 kwa kilomita, kwa hiyo gari jipya linapaswa lisizidi 37.5 siku ya kipimo, ili uzee upate nafasi yake. Na hilo "jipya" si la kutoka dukani. Chini ya utaratibu wa sasa wa Ulaya gari la kupimwa liwe limetembea kati ya kilomita 3,000 na 15,000, maana masega mabichi hufanya kazi vizuri kupita kiasi. Hushuka haraka mwanzoni, kisha hutulia na kuendelea kushuka polepole.

Ambacho benchi halikijui ni mwenye gari. Joto tuliliiga vizuri. Ringi zilizokwisha za yule mteja wa mwanagenzi hapo juu, hatukuziiga.

Kuhusu magari makuukuu kufaulu, angalia kinachopimwa. Ukaguzi wa kawaida unafanywa gari limesimama: injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, kisha ikipandishwa mizunguko. Kinachosomwa ni kaboni monoksidi, wakati mwingine hidrokaboni, na uwiano wa hewa na mafuta. Injini haina mzigo, moto ndani ya silinda ni mdogo, na oksidi za nitrojeni karibu hazitengenezwi. Moshi unapita kidogo kidogo, masega hata yaliyochoka yana muda wa kuushughulikia. Rodiamu, ambayo ndiyo kazi yake kuvunja oksidi za nitrojeni, inaweza kuwa imechakaa vibaya na mashine isijue. California waliweka magari kwenye rola, wakayapima kwa mzigo kwenye mwendo wa kilomita 24 na 40 kwa saa, na oksidi hizo zikasomwa. Hapo ndipo mazee huumbuka. Ningekuwa na mamlaka ya kubadili kitu kimoja kwenye ukaguzi, ningebadili hicho.

Nikiwasha gari asubuhi chini kunalia kama njuga. Mlimani halivuti. Fundi anataka kuyabomoa masega yote abakize kopo tupu. Mwezi uliopita lilifaulu moshi.
*Dereva*

Mwezi uliopita tofali lilikuwa pengine limepasuka tu, sasa limekatika na vipande vinacheza. Vikigeuka vikaziba njia, injini inashindwa kutoa pumzi, ndiyo maana mlima unakushinda. Ukibakiza kopo tupu litavuta vizuri sana, na litafeli kipimo chochote chenye maana kuanzia siku hiyo. Sensa ya nyuma pia itakuwashia taa kwenye dashibodi.

Fanya hivi: ingia chini, gonga kopo kwa nyundo ya mpira, taratibu, mbele, kati na nyuma. Likilia kama kibuyu chenye mbegu, badilisha, na kwanza tafuta kilichoyapasua, maana huwa ni kumisi, jiwe la barabarani, au kishikio cha bomba kilichokatika likawa linaning'inia. Gonga asubuhi kabla hujawasha. Ukilishika likiwa la moto, barua yako ijayo itahusu kiganja.